Vidole Tulivyompa Mtani

Baba yangu alikuwa na koti moja tu maisha yake yote, na hilo koti wala halikuwa lake. Lilikuwa la msimamizi wa shamba la mkonge upande wa Korogwe, mtu mnene, na baba alikuwa mwembamba kama ufito. Msimamizi alipohamishwa aliliacha nyuma ya mlango. Baba alitumwa kuifagia ile nyumba, akatoka nalo. Hakuliiba. Alisema mwenyewe kila alipoulizwa, na hata alipokuwa hajaulizwa: "Koti hili nilifagia nikalikuta."

Mikono ya koti ilimfunika hadi kucha, mama akaikunja mara mbili na kuishona kwa uzi wa katani, maana uzi mwingine hatukuwa nao. Lilinuka tumbaku na jasho la watu wawili. Alilivaa kiangazi na masika, alilivaa kulimia. Tulipohama shambani kurudi kwetu, huku upande wa Kang'ata, alitembea nalo juani mpaka watoto wa njiani wakawa wanamwimbia. Hakujali. Alikuwa na kikohozi kirefu, kinachoanza chini kabisa kama mtu anayevuta gogo, halafu kinakatika ghafla, halafu anatukana. Na mguu wa kushoto aliuvuta kidogo. Haya yote siyasemi bure.

Alipofariki mimi nilikuwa mtu mzima tayari, nina mke na mtoto. Tumekaa msibani, wanaume nje mkekani, wanawake ndani na mama. Mama tangu alfajiri alikuwa hajatia hata maji mdomoni. Mara nikasikia kikohozi cha baba. Kile kile, kinaanza chini, kinakatika, halafu tusi. Nikageuka. Mtu amevaa lile koti, anauvuta mguu wa kushoto, ananijia mimi moja kwa moja.

"Wewe! Mbuzi umewafunga wapi? Nimekufa asubuhi hii tu, tayari mnalala?"

Nikainuka nimpige. Mjomba akanidaka mkono. "Kaa chini. Huyo ni mtani."

Sasa kwa wasiojua, sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za mababu huko. Mtani anakutukana mbele ya wakwe, anachukua kuku wako, anavaa nguo za maiti wako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika ndiyo umeharibu. Huyu mtani, baba yake alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge, akafia Korogwe, na kijana akazaliwa na kukulia kambini. Alimjua baba kutoka huko. Basi akazunguka uwanja mzima akiwa baba yangu, akawafokea wazee, akamdai shehe tumbaku. Ndani nikasikia mama anacheka. Akacheka, akalia, halafu akaomba uji. Mimi siku ile nilimpenda yule mtu. Aliyemnywesha mama yangu uji ni yeye.

Tukawa marafiki, miaka mingi, siwezi kuihesabu. Mkonge ulipokufa akaja kuishi kwetu, akapewa eneo la kujenga ng'ambo ya barabara, mlango wake ukitazamana na wangu. Yeye alisoma mpaka darasa la saba na alikuwa karani shambani, ana mwandiko umelala vizuri kama nyasi zilizopigwa na upepo. Mimi niliishia la tatu. Kusoma nasoma, lakini kwa kidole na kwa midomo, na mtu akinitazama ndiyo nashindwa kabisa. Hili nalo naomba lisisahaulike, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Habari yenyewe inaanzia kwa tembo.

Kwetu tembo wanapita. Walikuwa wanapita wakati wa babu yangu na babu yake, wakitoka nyika moja kwenda nyingine, na njia yao ilikuwa inajulikana, hakuna aliyelima hapo. Siku hizi watu wameongezeka, njia imelimwa, na mimi mwenyewe nina kipande cha mtama ndani yake, sitaki kujisafisha. Nyama ya porini nimekula pia. Ujana wetu nani hakula? Lakini mwaka mmoja, mahindi yakiwa yanaanza kubeba, mtu ambaye hatujamjua mpaka leo aliweka maboga yenye sumu pembeni ya kijito.

Nilimkuta jike mmoja saa sita mchana, nikienda kutazama mizinga yangu ya nyuki. Alikuwa amesimama, ameegemeza paji lake kwenye mti, kama mtu anayesikiliza ukutani. Mtoto wake yuko nyuma, anavuta mkia. Nikarudi mbio, tukapiga simu kwa askari wa wanyamapori. Wakasema gari lipo ila mafuta hakuna, wanatafuta namna. Nikarudi kule. Jioni bado amesimama. Kesho yake asubuhi alikuwa ameanguka na ule mti ameuangusha pamoja naye. Mtoto hatukumwona tena. Askari walifika siku ya tatu, vijana wawili kwenye pikipiki ya kuazima, vumbi limewajaa mpaka kwenye kope. Mmoja alivaa kandambili. Aliinama akamgusa yule tembo sikio, akasema, "Pole, mama." Sikuwalaumu. Nani atamlaumu mtu mwenye kandambili?

Mwezi huo huo nilikwenda kumsalimia dada yangu, ameolewa Bungu, kule juu Usambara. Kwa Wasambaa kule kuna baridi, na msitu unaanzia karibu kabisa na migomba yao. Nikakutana na mlinzi wa msitu. Ana buti. Ana koti la mvua, na mshahara wake unatoka serikalini kila mwezi, aliniambia mwenyewe. Nikamwuliza, "Ukiitwa unakuja?" Akanishangaa. "Mzee, nisipokuja nitakuwa nafanya kazi gani?"

Nilishuka ule mlima nikiwa na wazo moja tu kichwani, na nikashukia moja kwa moja barazani kwa mtani.

"Mtani, ukimwua swala, ni nyara za serikali, unafungwa. Sivyo?"

"Unafungwa na unanuka."

"Swala akila kunde zako, ni wa nani?"

"Hapo anakuwa wa Mungu."

"Basi mimi naona kama ni mali ya serikali, mwenye mali aitunze. Aweke askari hapa hapa kijijini, wenye mishahara, gari na mafuta. Tembo asiuawe, na mkulima asiliwe mahindi. Tuombe."

Mtani akacheka. "Mzigua amepanda mlima mara moja tu, ameshuka mbunge!"

Lakini alikubali. Alisema inatakiwa kitu kinaitwa muhtasari. Mimi nilifikiri muhtasari ni maneno mafupi. Akanifundisha: muhtasari ni karatasi inayosema mkutano umeamua nini, na nyuma yake yanabandikwa mahudhurio, yaani majina na sahihi za watu, na asiyejua kuandika anatia dole gumba. Karatasi ya mbele ndiyo inayosema. Za nyuma ni watu. "Ya mbele niachie mimi," akasema, "hiyo ni kazi ya karani. Wewe una miguu na watu wanakuheshimu. Niletee vidole."

Mkutano tulifanya, uamuzi ukapita, lakini waliohudhuria walikuwa wachache, msimu wa palizi ule. Kwa hiyo nikazunguka. Nilikuwa na kidau cha wino, kitambaa cha kufutia, na karatasi zilizopigwa mistari na mtani: namba, jina, sahihi. Juu yake hakuna kichwa cha habari, hakuna kitu. Mistari mitupu. Sikuona ubaya wowote. Ni nani kwetu hajawahi kusaini mahudhurio? Tunasaini msibani, tunasaini semina, tunasaini kwa ajili ya soda.

Nilianza na mjane mmoja jirani yangu, bibi ambaye tembo walishalala kwenye mahindi yake misimu miwili. Akauficha mkono ndani ya kanga.

"Hiki kidole si cha mkopo?"

"Si cha mkopo, bibi."

"Si cha kura?"

"Cha kuomba askari wa tembo. Wa serikali. Wakae hapa."

"Watakuja na bunduki?"

"Za kupiga juu, kuwatisha tu."

Akatoa dole gumba, akalitazama kwanza kama analiaga. "Nakupa wewe," akasema. "Siipi karatasi."

Vijana wa bodaboda walinicheka. "Mzee, shikamoo. Sasa hao tembo wenyewe wanasaini wapi?" Mwingine akasema, "Wao hawana haja ya kalamu, watakanyaga tu wino." Lakini wakasaini wote. Nilikwenda mpaka kwenye maboma ya Wamasai, mzee mmoja wa kule akaniuliza kwa Kiswahili chake cha polepole kama askari hao watawafukuza ng'ombe pia. Nikamwambia hapana, nimewaombea tembo na watu tu. Akatia kidole. Magoti yangu yalivimba. Mke wangu alikuwa akinikanda kwa maji ya chumvi na kunisema: "Unatafuta vidole kama wanga." Nilirudi na karatasi zimejaa, nikamkabidhi mtani mkononi.

Ilibaki muhtasari ukachapwe kwa mashine. Binti yake ana duka la kuchapa Manundu, pale Korogwe, angetuchapia bure. Mtani alikwenda peke yake. Aliporudi alikuwa nayo bahasha, imeshapitia kwa mtendaji, ina muhuri. Akanitolea karatasi ya mbele.

"Soma, mtani."

Nikaishika. Alikuwa amekaa karibu, ananitazama, na mke wake yupo, na binti mwingine anamenya mihogo. Nikaanza. Nikaona neno "wanyamapori", nikaliona jina la kijiji. Nikaona "askari". Nikatikisa kichwa kama mtu aliyemaliza.

"Umeandika vizuri," nikasema.

Hiyo ndiyo dhambi yangu, sina nyingine katika jambo hili. Niliona aibu kuweka kidole kwenye mstari mbele ya mtu aliyenijua tangu ujana.

Bahasha ikaenda. Tukangoja. Mvua zikapita. Siku moja tukatangaziwa mkutano, amekuja bwana mmoja wa wanyamapori na faili lake. Watu walijaa, hata wagonjwa. Mimi nilivaa kanzu. Mtani hakuwepo, walisema yuko Manundu kwa binti yake. Yule bwana alikuwa mpole, alitusalimu wazee mmoja mmoja, akafungua faili akasema anatupongeza sana, na akasoma:

"Wananchi wa kijiji hiki, kwa hiari yao, wameazimia kuwalinda wanyamapori kwa nguvu zao wenyewe, bila kuibebesha serikali gharama za askari, gari wala kituo."

Watu wakapiga makofi. Ndiyo, walipiga. Sisi karatasi ikisomwa na mgeni huwa tunapiga makofi. Na mimi nilipiga. Viganja vilikutana mara tatu au nne kabla masikio hayajafika. Halafu makofi yakapungua, yakabaki ya mtu mmoja tu kule nyuma, naye akanyamaza.

"Rudia, baba," akasema yule mjane.

Bwana akarudia. Akaendelea na chini yake: kamati ya ulinzi ya kijiji imeundwa, vijana watakesha kwa zamu, kwa kujitolea, na katibu wa kamati ni fulani. Fulani huyo ni mtani wangu.

Mjane akasimama. Hakumtazama mgeni, alinitazama mimi. "Kidole changu ndicho kilichosema hivyo?"

Nikaanza kuinuka.

"Nilikupa wewe kidole changu kiombe askari. Kimekwenda huko kusema sitaki askari? Nirudishie. Nirudishie kidole changu."

Watu wengine wakacheka, ni kicheko kile cha uchungu. Wengine hawakucheka. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Mzee katuuza!" na mwingine, "Si tulimwambia tembo ndio wasaini?" Nikainuka, nikamwendea yule bwana, nikamwambia hilo silo tuliloomba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akageuza karatasi, akanionyesha vile vidole, vyote, vimejipanga kwa mistari. Nilivijua kimoja kimoja. Kidole cha mjane kilikuwa na kovu katikati.

"Mzee wangu," akasema, "mimi nimeletewa. Ina muhuri, ina mahudhurio. Kijiji kikisema kinaweza chenyewe, fungu linakwenda kwa waliosema hawawezi. Kama mmebadili mawazo, iteni mkutano mwingine, andikeni muhtasari mwingine, leteni mahudhurio mapya. Nitaupeleka mimi mwenyewe, naahidi."

Nikamwamini. Bado namwamini. Kesho yake nikachukua kidau cha wino nikaanza upya. Karatasi hizi niliziandika kwa mkono wangu, kila moja na kichwa chake juu, herufi kubwa mbovu: TUNAOMBA ASKARI WA SERIKALI. Ilinichukua siku nzima kuziandika.

Nyumba ya kwanza mwanamume akatoka, akanisalimu kwa heshima zote. "Shikamoo mzee. Lakini kidole sina." Nyumba ya pili walisema mwenyewe hayupo, nami namwona miguu chini ya mlango. Bodaboda waliniambia, "Mzee, tumeshasaini kulinda tembo bure, sasa unataka tusaini nini, tuwanyonyeshe?" Yule mzee wa Kimasai alinipa maziwa tu, nikanywa, nikaondoka. Kwa mjane sikufika. Nilifika mpaka kwenye kona ya ua wake, nikarudi. Karatasi zile ninazo mpaka leo, na sahihi ni mbili, yangu na ya mke wangu, na ya mke wangu ni ya huruma.

Mtani alirudi baada ya wiki. Alirudi na pikipiki. Si mpya sana, lakini inang'aa, na kiti chake bado kimefungwa nailoni. Nilimwacha akashuka, akakoga, akala. Halafu nikavuka barabara.

Alikuwa barazani. Mbele yake kwenye turubai wameanika mahindi, mavuno yenyewe kidogo. Akanisogezea kiti, akamwita mkewe alete kahawa.

"Mtani, unakuja na uso kama wa mtu aliyemeza jembe."

"Karatasi ya mbele," nikasema.

Hakukana. Hilo nampa, hakukana hata kidogo. Alikunywa kwanza.

"Sikiliza. Nilipofika Manundu nilikutana na watu wa mradi wa wanyamapori, waungwana tu. Wakaniambia, mzee, mkiomba askari mtangoja mpaka mfe, fungu hakuna. Lakini kijiji kinachojitolea kinaandikwa cha mfano, na cha mfano kinapata pikipiki ya doria. Nikafikiri. Askari wa kungojea, na pikipiki ya kesho. Nikamwambia binti abadilishe."

"Vidole vilikuwa vya askari."

"Vidole ni vidole, mtani. Havisemi."

"Na pikipiki anapanda nani?"

"Katibu."

"Katibu ni nani?"

Akacheka mpaka akamwaga kahawa kwenye goti. "Mbona unauliza kama hunijui?"

"Watu wananiita mwuzaji. Yule bibi anadai kidole chake kwangu mbele ya kijiji kizima."

"Mwambie amekuja kudai kwa Mzigua, nani amewahi kulipwa na Mzigua?" Akanipiga bega. "Ah, usinikunjie uso hivyo. Mimi ni mtani wako. Hapa umenuna, na mtani hanuniwi, ndivyo tulivyokuta. Hebu cheka kidogo basi. Kesho nitakupakia, twende tukaangalie tembo, wewe ushike kidau cha wino nyuma."

Nilimtazama. Alikuwa anangoja. Alijua kwamba zamu ilikuwa yangu, niseme neno la kumrudishia, la mama yake au la kabila lake, tucheke, na mambo yaishe pale. Nilikuwa nalo. Miaka yote ile sikuwahi kukosa. Lilikuwa limeshafika ulimini na lilikuwa zuri, lingemwangusha kwenye kiti.

Sikulisema. Niliweka kikombe chini, kahawa imejaa, nikainuka. Alidhani naelekea uani kujisaidia, akaniambia nipite pembeni nisije nikakanyaga mahindi. Nikapita pembeni ya mahindi, nikatoka, nikavuka barabara.

Sijavuka tena.